Watoto walikuwa wapi usiku huo?

Kwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Waziri wa Elimu. Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, yaani tawala za mikoa na serikali za mitaa. Na Mkuu wa Jeshi la Polisi.

Waheshimiwa,

Mwaka jana, kipindi cha Kiswahili darasa la nne, niliandika ubaoni maneno matano nikawaambia watoto wayatungie sentensi. Neno la tatu lilikuwa "adabu". Nilitegemea yale ninayoyapata kila mwaka, kwamba mtoto mwenye adabu huamkia wakubwa, kwamba tule kwa adabu. Jioni nikawa nasahihisha, madaftari yamejaa meza kwa sababu darasa lina watoto zaidi ya 90, nikakuta hii: "Jana usiku baba alimtia mama adabu." Mwandiko msafi, herufi kubwa mwanzoni, nukta mwishoni. Nikaweka vema, nikafungua daftari jingine.

Nilikuwa nimeshasahihisha kama manne zaidi ndipo mkono ukasita. Nikalirudia lile daftari. Nikatafuta kosa, sikuliona. Mtoto alikuwa amelitumia neno sawasawa na linavyotumika mtaani kwao, na linavyotumika, sina budi kusema, katika ofisi yetu ya walimu tukitoka kuchapa. Hakuandika hadithi ya huzuni wala hakuomba msaada. Alijibu swali.

Naandika barua hii kwa sababu ya vema ile. Nimefundisha shule za msingi Temeke kwa miaka 21, na mitatu ya mwisho nimekuwa mwalimu wa ushauri nasaha, kazi niliyopewa juu ya vipindi vyangu vya kawaida. Katika semina tunazoitwa, mtoto anayeishi kwenye nyumba ya vipigo huelezwa kwa maneno mawili: "ameathirika kisaikolojia." Kisha mada nyingine inaanza. Ukisikia hivyo utadhani mtoto ni chungu kilichopata ufa. Mimi ninayekaa naye siku tano za wiki naona mtu anayefikiri. Anafikiri sana, pengine kuliko mwenzake aliyelala usiku kucha, na anachokifikiria ni lini mtu anapigwa, nani ana haki ya kupiga, na kosa lilikuwa la nani. Hakuna anayemuuliza amefikia wapi.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Nyumba za kupanga za huku kwetu zina vyumba sita au vinane, kila chumba familia, na kuta nyingi hazifiki kwenye paa. Baba na mama wako kitandani, watoto kwenye godoro chini, katikati pazia. Watu wazima hujipa moyo kwamba watoto wamelala. Mwanafunzi wangu mmoja, wa miaka 9, aliniambia anavyojua usiku utakuwaje: husikiliza bodaboda iliyomleta baba yake inapoondoka, kisha huanza kuhesabu kimoyomoyo. Baba akigonga mlango mapema, salama. Akichelewa, ina maana amesimama nje anaongea peke yake, na hapo mtoto humvuta mdogo wake upande wa ukutani. Asubuhi ndiye anayesinzia kwenye hesabu. Niliwahi kumsimamisha nyuma ya darasa nikimwita mvivu.

Kama mnataka kujua watoto hawa wanafikiri nini, msianze na dodoso. Njooni wakati wa mapumziko, mkae mbali kidogo na wale wa darasa la kwanza na la pili wanaocheza baba na mama chini ya mwarobaini. Mmoja anapika mchanga kwenye kifuniko cha ndoo, mmoja anarudi kutoka kazini, mmoja ni jirani. Siku moja "baba" alikuja moja kwa moja akainua mkono, na mchezo ukasimama. Nilifurahi, nikidhani wamemkataza kupiga. Kumbe waliyekuwa wanamgombeza ni "mama": "Hujakosea bado! Kosea kwanza!" Binti yule akamwaga mchanga. Mchezo ukaendelea, kipigo kikapita, na jirani akaja kwa zamu yake kusema, "Basi baba, yaishe."

Kosea kwanza. Maneno hayo hayajanitoka kichwani mpaka leo, kwa sababu ndiyo sheria yenyewe waliyoitunga kutokana na wanayoyasikia nyuma ya pazia. Kwa mtoto aliyekulia humo, kipigo hakiji hivi hivi. Kina sababu, na sababu hiyo anayo anayepigwa. Muulize yeyote kati yao kama kupiga ni vizuri, atakwambia hapana mwalimu, ni vibaya. Muulize je, kama amekosea? Atakuangalia kana kwamba umebadilisha swali. Hapo si kupiga tena. Ni kumrudi, kumnyoosha, kumfunza, kumtia adabu. Kiswahili chetu kimempa maneno tele ya kuuita mkono uliopiga jina jingine.

Na mtoto akishaamini kuna sababu, anaanza kuitafuta. Walio wadogo kabisa, wa chekechea hadi darasa la pili, mara nyingi huikuta kwao wenyewe, kwa maana katika umri huo mtoto bado anaona kila kitu nyumbani kinaanzia kwake. Nilikuwa na binti mmoja ambaye mwandiko wake ulianza kupungua. Kila wiki herufi zinakuwa ndogo zaidi, hadi akawa anaandika mistari miwili ndani ya mstari mmoja. Nikamkemea mara mbili, mara tatu. Baadaye sana akanieleza kwamba siku aliyoomba hela ya daftari ndiyo siku ugomvi ulianza, mama akaumia mkono. Kwa hiyo aliamua daftari lisiishe. Binti wa miaka 8 alikuwa anamlinda mama yake kwa penseli, na mimi namkemea kwa mwandiko.

Wakikua kidogo, wengi huihamisha sababu kutoka kwao wenyewe na kumpelekea mama. Msichana wa darasa la sita aliniambia kuhusu mama yake, aliyekuwa amevimba jicho wiki ile: "Mama naye ana mdomo." Alisema kwa sauti ya mtu mzima, kama shangazi kwenye kikao. Mwanzoni niliona ana moyo mgumu. Siku hizi naelewa kwamba anatafuta usalama. Kama mama ndiye chanzo, basi ipo njia ya kukwepa: anyamaze, awahi kupika, asiulize hela imeenda wapi. Na yeye atakapoolewa atajua la kufanya. Lakini kama chanzo ni baba, ambaye ndiye analipa kodi ya chumba na ndiye anayembeba akiugua, basi hakuna pa kujificha. Mtoto huchagua maelezo yanayomwezesha kulala.

Msidhani maelezo hayo yanaishia utotoni. Katika utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16, wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu fulani fulani: akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kumwambia, akiwatelekeza watoto, akimnyima unyumba. Asilimia 58 walikubali walau sababu moja. Kwa wanaume walikuwa asilimia 40. Takwimu hii huwa inasomwa kama mshangao kuhusu wanawake. Mimi naisoma kama daftari la wale binti zangu, limesahihishwa miaka 20 baadaye. Na tazameni sababu ya nne. Watoto wamo kwenye orodha. Usiku ule baba anapofoka "watoto hawajala mpaka saa hizi", aliye kwenye godoro anasikia jina lake likitajwa kuwa ndilo kosa.

Wavulana nao wana yao. Mwaka juzi kijana wa darasa la tano alimpiga mwenzake wa kike ngumi ya mgongo kwa sababu alikataa kumwazima rula. Nilipomwita hakukana, hakulia. Alinipa utaratibu: "Nilimwambia mara ya kwanza, nikamwambia mara ya pili. Mara ya tatu ndiyo nikampiga." Alikuwa anangoja nimkubalie, maana hata sisi walimu tunahesabu hivyo hivyo. Nikachukua fimbo. Alinyoosha mkono kabla sijamwambia, akautuliza, akaangalia pembeni. Hakuwa na hasira nami. Kwa sheria anayoijua, yeye alikuwa mkubwa kwa yule binti, sasa mimi nilikuwa mkubwa kwake, na zamu yake imefika. Tangu siku hiyo sijamchapa mtoto.

Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake waliwaweka watoto wadogo wa shule ya awali mahali ambapo walimwona mtu mzima akipiga na kutukana mwanasesere mkubwa wa kujazwa hewa. Baadaye watoto hao walipoachwa na mwanasesere yule, wengi walimpiga kwa mtindo ule ule, na kwa maneno yale yale aliyoyatamka mtu mzima. Maneno ndiyo yaliyonigusa, kwa sababu ya sentensi yangu ya adabu. Lakini jaribio lake lililotoka mwaka 1965 ndilo ningependa mlifikirie zaidi. Watoto walioona mtu mzima akiadhibiwa kwa kupiga, wao wenyewe walipiga kidogo. Ila walipoahidiwa zawadi kama wangeonyesha walichokiona, walikionyesha vizuri tu kama wenzao. Walikuwa wamejifunza chote, wamekiweka. Kwa hiyo yule mtoto mtulivu, asiyempiga mtu darasani, anayesifiwa kwamba "yeye hajaathirika", naye anacho.

Kuna lingine ambalo walimu tunaliona kila siku bila kulijua jina. Ugomvi mwingi uwanjani huanza na "alinitolea macho". Unamuuliza mwenzake, anaapa hakumwangalia. Mara nyingi anasema kweli. Mtoto aliyezoea kusoma uso wa baba ili ajue kama leo kuna usalama huendelea kusoma kila uso namna hiyo, na uso usio na neno lolote kwake ni uso unaojiandaa. Anapiga kabla hajapigwa. Kwetu anaandikwa mkorofi.

Niseme pia, ili nisiwaonee: si kila mtoto wa nyumba ya namna hii atakuja kupiga au kupigwa. Nimewaona waliokua wakawa watu wa upole wa ajabu. Karibu kila mara palikuwa na mtu mmoja aliyewaambia waziwazi, mapema, kwamba kinachotokea kwao si sawa na si kosa lao. Bibi. Jirani mwenye nyumba. Ustadhi wa madrasa. Mtu mmoja. Na hata hao hawakuacha kuwapenda baba zao. Hili mlielewe kabla ya kutuma gari la polisi, maana ndilo linalowafunga midomo. Wanaijua 116, namba ya simu ya msaada kwa mtoto, wameiona ikiwa imebandikwa ukutani, na wanajua ni bure. Simu hawana, na hata wangekuwa nayo, wanaogopa jibu. "Ukisema, baba atafungwa, tutakula nini?" Wanachokitaka ni apone, au aache, au walau usiku upite.

Sasa nije kwenu.

Jeshi la Polisi lilianzisha Madawati ya Jinsia na Watoto, na wapo askari pale wanaofanya kazi kwa moyo, nimewaona. Lakini niliwahi kumsindikiza mzazi wa mwanafunzi wangu kwenye kituo kimoja, sitakitaja, kuchukua PF3, ile fomu ya polisi, ili akatibiwe. Mtoto wake wa miaka 7 alikaa kwenye benchi katikati yetu, ameshika kandambili moja ya mama yake, nyingine ilipotea walipokuwa wanakimbia. Mama aliulizwa mengi. Ndoa ya lini, ya bomani au ya kanisani, mume anafanya kazi gani. Kisha akaulizwa: "Sasa wewe ulimfanya nini mpaka akupige?" Mtoto, aliyekuwa ameinama muda wote, akainua kichwa kusikiliza jibu. Kosea kwanza. Serikali ilikuwa imemthibitishia sheria yake, tena ikiwa imevaa sare. Hakuna aliyemuuliza jina wala shule. Wakaambiwa wakayamalize nyumbani na wazee.

Ninaomba swali lile lifutwe, na mahali pake liwekwe jingine: watoto walikuwa wapi? Kila shauri la kipigo cha nyumbani linapofunguliwa, pale dawatini au kwenye Kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, ambako aliyefanyiwa ukatili hupata huduma zote mahali pamoja, iandikwe kuna watoto wangapi, wa umri gani, walikuwa wapi usiku huo, wanasoma wapi. Sisemi mtoto awekwe kuwa shahidi dhidi ya baba yake. Mzigo huo msimtwishe. Nasema ajulikane yupo. Na kesho yake asubuhi mtu mmoja shuleni, mmoja tu na mwenye kutunza siri, ajue kwamba huyu hakulala, asichapwe kwa kuchelewa wala kwa kusinzia. Ningelijua hilo, nisingemsimamisha yule mwanangu nyuma ya darasa.

Mwenye dhamana ya TAMISEMI, kwetu afisa ustawi wa jamii ni mmoja anayezunguka kata kadhaa kwa nauli yake. Nikimpigia anakuja, baada ya wiki mbili, amechoka. Mtoto aliyeona mama yake akivuja damu hahitaji dawa ya bei ghali siku ile. Anahitaji mtu mzima aliyefunzwa, akae naye, amsikilize amefikia hitimisho gani, na alivunje taratibu kabla halijakomaa. Kazi hiyo inataka watu, na watu wanataka ajira. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoletwa na MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, zimepangwa kufika hadi mtaa na kijiji. Nimehudhuria vikao. Tunajadili ubakaji na mimba za utotoni, na ni haki tujadili, ila mtoto "aliyesikia tu" haingii kwenye ajenda. Uingereza, katika sheria yao ya ukatili wa majumbani ya 2021, mtoto anayeona, anayesikia au anayepatwa na madhara ya kipigo cha mzazi anahesabiwa kuwa mwathirika yeye mwenyewe. Jirani zetu nao walishatunga sheria mahsusi za ukatili wa majumbani, Uganda mwaka 2010, Kenya 2015. Sisi huku Tanzania Bara tunaokoteza vifungu kutoka sheria hii na ile. Tukitunga yetu, na tuitunge haraka, neno "kusikia" lisikosekane.

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, kwako ombi langu ni zito kwa sababu linatugusa sisi wenyewe. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa makosa mazito, vikiandikwa kwenye kitabu. Unajua na mimi najua vinavyochapwa bila kitabu. Hata vingeandikwa vyote, mtoto wa nyumba ya vipigo haoni kanuni. Anaona mkubwa, kosa, onyo, fimbo. Utafiti wa taifa wa 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, walipigwa au kuumizwa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Siwezi kumwambia kijana wa rula kwamba kuna njia nyingine ya kumaliza jambo, huku fimbo iko juu ya kabati langu. Ziondoeni. Na mwalimu wa ushauri nasaha apunguziwe vipindi, apewe chumba chenye mlango. Mimi nawasikiliza watoto kwenye korido ya stoo, wenzao wakipita.

Muhula uliopita nilifanya jambo moja dogo bila kuomba ruhusa. Niliwaeleza darasa langu kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwamba mume hana haki ya kumwadhibu mkewe kwa kumpiga, wala mke mumewe. Nikawaambia sheria hii ni ya zamani kuliko wazazi wao wengi. Darasa likanyamaza kwa namna ambayo sijawahi kuiona katika miaka 21. Kisha yule mwenye sentensi ya adabu akanyoosha kidole.

"Mwalimu, baba anaijua hiyo?"

Nilimwambia nitamuulizia. Ndiyo nauliza.

Mwalimu wa Kiswahili na ushauri nasaha,
shule ya msingi, Temeke, Dar es Salaam